Mtani wa Ukutani

Mtu asafiriye kutoka Likasi kwenda Kolwezi hana budi kupita kwetu Fungurume, na akipita kwetu hawezi kukosa kuwaona makwado. Ndivyo tuwaitavyo huku Kongo mafundi wa kuziba matairi. Malori ya shaba na kobalti yapita mchana na usiku, barabara yala mipira, na mafundi hao hawakosi riziki. Mbele ya kibanda cha kila mmoja hupangwa matairi ya zamani, moja juu ya jingine, hata yakafikia kimo cha mtu. Mtoto mdogo apitaye hapo magharibi huweza kudhani kwamba mtu mnene asiye na mikono amesimama akingoja gari.

Jirani yangu mmoja alinunua tairi katika rundo la namna hiyo. Lilikuwa limekwisha kutumika, lakini ubavuni lilikuwa na jina kubwa, jina ambalo kila dereva wa Katanga hulitaja hata kama hajui kusoma. Jirani yangu aliinama akalisoma jina, akalipiga tairi teke mara mbili kama wafanyavyo wanaume, akalipa. Hakuinama mara ya pili ili atazame uso wa tairi, mahali liigusapo ardhi. Na hapo palikuwa kipara kabisa. Hazikupita siku nyingi likapasuka mteremkoni. Mwanawe, aliyekuwa ameketi nyuma juu ya magunia, alivunjika mguu, na hata leo hutembea kwa gongo. Nilipokwenda kuwapa pole, baba yule aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, jina lilikuwa bado jipya."

Nimelifikiri sana neno hilo. Mpira ulikuwa umekwisha, jina halikuchakaa! Basi jina hilo limetengenezwa kwa kitu gani kigumu hivyo? Si kwa mpira. Limetengenezwa kwa picha, kwa rangi, kwa nyimbo, na zaidi ya yote kwa mzaha. Kila mwenye kiwanda huuza vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni kitu chenyewe, tuwezacho kukishika, kukionja na kukipima. Cha pili ni sura ya kitu hicho, ile ikaayo kichwani mwetu, nayo huitwa sura ya chapa. Kitu cha kwanza hutoka kiwandani. Cha pili hutoka katika matangazo, na hapana mizani sokoni ya kukipimia.

Tuanze na tairi, maana yule mtu wa matairi niliyemtaja si ndoto ya watoto wa Fungurume peke yao. Mwaka 1894 yalifanyika maonyesho makubwa katika mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa. Ndugu wawili, André na Édouard Michelin, wenye kiwanda cha mipira huko Clermont-Ferrand, walikuwa na banda lao hapo, na penye banda paliwekwa rundo la matairi. Édouard alilitazama akamwambia nduguye kwamba likipata mikono litakuwa mtu. Maneno yakapita. Miaka michache baadaye mchoraji mmoja, Marius Rossillon, aliyejiita O'Galop, alimwonyesha André picha aliyokuwa amekichorea kiwanda cha bia cha Munich, nacho kiwanda kikaikataa. Ilikuwa picha ya bwana mnene aliyeinua bilauri kubwa ya bia, pamoja na maneno ya Kilatini ya mshairi Horatius ya kuwaalika watu wanywe. (Sisi tuliokalia mabenchi ya seminari twayajua maneno hayo. Wavivu wa darasa, walioshindwa kukariri mengine yote, hayo waliyashika siku ile ile.) André alikumbuka lile rundo la Lyon. Akamwomba mchoraji amwondoe mnywaji, na mahali pake amweke mtu wa matairi.

Picha mpya ilitoka mwaka 1898. Mtu wa matairi amesimama penye meza ya karamu, naye ni mweupe, kwa sababu siku zile mipira ilikuwa bado haijatiwa weusi tuuonao leo. Ameinua bilauri yake. Ndani yake hamna bia, bali misumari na vipande vya chupa, naye yu tayari kuvinywa. Kulia na kushoto wameketi wenzake, yaani mipira ya viwanda vingine, wamenywea kwa kuishiwa pumzi. Maana ya picha ni kwamba tairi la Michelin huvinywa vizuizi vya njia. Neno moja la Kilatini lililoandikwa pale, Bibendum, lenye maana ya "yapasa kunywa", likawa jina la mtu huyo, na mpaka leo huitwa hivyo.

Sasa tuitazame picha hii kama mwalimu atazamavyo hesabu ya mwanafunzi. Je, imesema unene wa mpira? La. Imesema bei? La. Imesema tairi litadumu kilomita ngapi? Hata kidogo. Imetufanya tucheke, basi. Lakini katika kucheka tumefanya kazi ambayo mwenye kiwanda hakutulipa. Tangazo la namna hii ni ndugu yake kitendawili. Mtegaji huweka mbele yetu mtu anywaye misumari, nasi twajitafutia jibu wenyewe: "Kumbe! Ni tairi lisilotobolewa!" Nanyi mwajua jinsi mtu anavyolipenda jibu alilolitegua mwenyewe. Jambo aliloambiwa na mwingine huweza kulitilia shaka. Aliloliona kwa akili yake atalitetea mbele ya watu. Ndiyo sababu mwenye kutangaza kwa werevu hasemi yote. Huacha pengo dogo ili sisi tuingie na kulijaza.

Tena, nguvu ya mpira ni kitu kisichoonekana. Fundi hodari aweza kuikisia, lakini mimi na wewe hatuwezi. Picha huuchukua ugumu huo usioonekana na kuupa tumbo, miguu na uso wa kuchekesha, hata mtoto wa darasa la kwanza akauelewa.

Wazee wetu wangeutambua upesi ujanja huu, kwa maana wao walijua utani. Ndugu zetu Wabemba huuita bunungwe, na makabila mengine wana majina yao. Mtani huja kwako, akucheke, akutanie mbele ya wakwe, pengine achukue kuku wako aondoke naye, nawe huwezi kukasirika, maana kumkasirikia mtani ni aibu. Kicheko hufungua mlango ambao mgeni mwenye uso mkavu angeukuta umefungwa. Hivyo ndivyo liingiavyo tangazo. Lingalikuja na kusema, "Nipe fedha zako," tungelifukuza. Huja na simba, na mamba, na mtu wa mipira; lacheza, laimba, nasi twamwambia mwenzetu, "Umeliona lile?" Kumbe kuku amekwisha kuchukuliwa. Lakini mtani wa kweli ana wajibu mzito. Siku ya msiba yeye ndiye ashikaye kazi za maziko, awachekeshao wafiwa, asiyewaacha peke yao. Mtani wa ukutani hana siku hiyo. Mwana wa jirani yangu alipolala hospitalini, jina lililokuwa ubavuni mwa tairi halikuja kumtazama. Wala sisemi lilikosa, maana si lenyewe lililouza tairi lililokwisha kipara. Nasema tu kwamba sisi tunayadhania majina hayo kuwa ni jamaa zetu, na sivyo.

Siku moja niliwapa wanafunzi wangu karatasi tupu nikawaambia: "Choreni alama zozote mzijuazo kwa moyo, bila kutazama popote." Nilidhani watachora tano au sita. Walichora mpaka kengele ikalia. Alama za simu walizichora wote, tena kwa rangi zake, na asiye na kalamu nyekundu aliazima kwa mwenziwe. Walichora chupa za bia, ingawa wengi wao hawajafikia umri wa kunywa. Wavulana karibu wote walichora mamba mwenye mpira kinywani. Lakini hapana hata mmoja aliyechora msalaba wa shaba, ule ambao mafundi wa kale wa nchi yetu waliuyeyusha, ukawa fedha na mali ya kuolea mamia ya miaka kabla ya kampuni yoyote kufika. Nilipowauliza, walisema waujua. Umo katika kitabu cha historia. Ulikuwamo hata katika bendera na sarafu za Katanga ya miaka ya 1960 hadi 1963. Waujua kama wajuavyo tarehe. Hapana aliyewahi kucheza nao.

Huyo mamba ana habari ndefu, nayo yatuhusu sisi wa shule za misioni. Mwaka 1939 mapadre Wabenediktini walioongoza shule ya Saint-Boniface mjini Elisabethville, ambao leo waitwa Lubumbashi, waliwaundia vijana timu ya mpira. Waliiita Saint-Georges. Mwaka 1944 ikaitwa Saint-Paul. Baada ya miaka michache wamisionari waliacha kuiongoza, na timu ikapata mfadhili mwingine. Alikuwa nani? Hakuwa mtakatifu mwingine. Alikuwa Englebert, kiwanda cha matairi cha Liège, nchi ya Ubelgiji, ambacho matairi yake yalivalishwa hata magari ya mashindano ya Ferrari katika miaka ya 1950. Tangu hapo timu iliitwa F.C. Englebert.

Fikirini jambo hilo. Mtu akitaka kuisifu timu yake hulisifu tairi, na mama akimwita mwanawe uwanjani hupaza jina la kiwanda. Mwaka 1966 timu ilishinda ubingwa bila kufungwa hata mara moja, ikapewa sifa ya Tout Puissant, yaani Mwenye nguvu zote. Sifa hiyo twaijua katika Nasadiki, nayo sasa ilikaa mbele ya jina la mpira wa gari! Sidhani kwamba kulikuwa na kufuru katika nia ya watu. Walikuwa na furaha, na furaha haipimi maneno. Mwaka 1967 na tena mwaka 1968 Tout Puissant Englebert walitwaa kombe la mabingwa wa Afrika. Hapana tangazo ambalo kiwanda kingeweza kulinunua kwa fedha likafika mbali hivyo, maana halikuonekana kuwa tangazo. Lilikuwa mchezo, na watu walilipenda kwa moyo wao wote.

Baadaye jina la Englebert liliondoka, timu ikaitwa Mazembe, na herufi za T.P. zikabaki mbele kama kofia ya babu. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimeungana na Wamarekani wa Uniroyal, na mwaka 1979 biashara yao ya Ulaya ikanunuliwa na Continental ya Ujerumani. Leo waulize vijana wa Fungurume Englebert ni nani. Pengine mmoja atasema alikuwa mchezaji. Lakini timu ingaliko. Ilitwaa kombe la Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, na mwezi wa Desemba 2010 huko Abu Dhabi ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Huko Inter ya Milano iliwafunga mabao matatu kwa nunge, lakini watu wa nchi za mbali wanakumbuka zaidi jinsi kipa Kidiaba alivyokuwa akirukaruka kwa matako uwanjani kila timu yake ilipofunga. Mchezo mdogo kama ule! Hapana aliyeuandika katika ofisi ya matangazo, nao uliitangaza Lubumbashi kuliko mabango elfu.

Katika habari hii chapa ndiyo iliyokufa, na kitu kilichobaki hai ni timu, kwa sababu timu ilikuwa ya watu. Natamani tulikumbuke jambo hilo tunapoambiwa kwamba wenye fedha ndio waundao kila kitu tukipendacho.

Nije sasa kwenye bia, ingawa wako watakaosema, "Huyo mwalimu ameanza." Katika Katanga yetu bia mbili zijulikanazo sana zina majina ya wanyama, Simba na Tembo, nazo hutengenezwa Lubumbashi. Jina la Simba si jina la kinywaji. Halisemi chochote juu ya shayiri wala maji. Lasema juu ya mnywaji. Tangu zamani simba ni sifa ya chifu na ya shujaa, na mtu akiitwa simba hunyosha mabega. Sasa kila mwenye noti mfukoni aweza kuketi mezani na kuagiza simba wawili, na wenziwe wacheke. Jina la Tembo lina utani zaidi. Watu wa pwani tangu kale waliita tembo kile kileo cha mnazi, na tembo tena ni ndovu, hata neno lenyewe lilikuwa lina mchezo ndani yake kabla kiwanda hakijalishika.

Sisi si wa pekee. Huko Kenya ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia mwaka 1922. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu katika uwindaji, na bia yao ikapewa jina la Tusker, yaani ndovu mwenye pembe. Msiba wa nyumba moja ukawa picha ya chupa. Baadaye chupa hiyo iliandikwa maneno ya Kiswahili: "Bia yangu, nchi yangu." Maneno manne tu! Lakini tazameni yalivyopangwa. Hayasemi kwamba bia ni nchi. Yameviweka viwili kando kwa kando, na mnywaji mwenyewe ndiye aviunganishaye. Ni kitendawili kile kile. Tanzania nako wana bia ya Kilimanjaro na bia ya Serengeti. Mlima haukuulizwa.

Sitaki nionekane kama mtu asiyejua kucheka. Simba wa chupani ni picha nzuri, na mchoraji wake alijua kazi. Lakini kila mzaha una mahali unapokoma kuwa mzaha. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha kwamba siku ya mshahara baba yake huondoka nyumbani mtu na kurudi mnyama. Hakutaja bia gani, wala mimi sikumwuliza. Mgodini watu hufanya kazi nzito na hurudi wamechoka. Tangazo laja wakati huo huo na kuwaambia kwamba wao ni wafalme wa mwitu. Nani asingependa kuambiwa hivyo, baada ya juma zima la kuamrishwa? Tangazo halimdanganyi mtu juu ya bia. Lamdanganya juu ya nafsi yake, na uongo huo ndio mtamu kuliko mwingine.

Tena mara nyingi picha haitoshi, huwekwa mtu mzima badala yake. Wasichana huvikwa nguo zenye rangi za chapa wakapelekwa katika baa kuwachekea wanywaji, kana kwamba nao ni sehemu ya chupa. Mwezi wa Januari 2018 Global Fund, mfuko wa dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulitangaza ushirikiano na Heineken, wakati ule mwenye kiwanda cha Bralima kitengenezacho Primus hapa Kongo. Mwezi wa Machi ulikwisha kuusimamisha, kwa sababu ya habari zilizotoka juu ya jinsi wasichana watangazao bia walivyokuwa wakitumiwa. Wazazi wenye mabinti wanaotafuta kazi, nawaomba msiipite aya hii haraka.

Habari ya simu ni nyepesi zaidi, lakini ina fundisho zuri kwa wanafunzi. Mwaka 1998 Bwana Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Celtel. Kongo pia ilipata Celtel, na watu wakaizoea. Mwaka 2005 iliuzwa kwa kampuni ya Kuwait, na mwaka 2008 mabango yakabadilika: sasa ni Zain. Mwaka 2010 ikauzwa kwa Bharti wa India, mabango yakabadilika tena: sasa ni Airtel. Mnara ulikuwa pale pale. Mteja alikuwa na namba ile ile. Lakini mara tatu aliambiwa kwa nyimbo na michezo ampende bibi arusi mpya, naye mara tatu alicheza harusi. Vodacom nayo ilikuwa ya buluu kabla ya kuvaa nyekundu. Huko Afrika Kusini ilibadilisha nguo mwaka 2011. Orange, iliyoingia Kongo mwaka 2012, yenyewe imejiita jina la rangi, ili mtu asipate hata nafasi ya kuisahau.

Rangi hizo zimefika katika kuta za nyumba zetu. Mwenye duka hupakiwa ukuta bure, naye hufurahi, maana rangi ni ghali. Lakini jina lake mwenyewe, lililokuwa limeandikwa juu ya mlango kwa mkono wa kaka yake, limefunikwa. Njia nzima imekuwa nyekundu na ya machungwa, na mgeni akiuliza nyumba ya fulani huambiwa, "Pita ile nyekundu ya pili."

Kuna methali isemayo, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Wazee wengi huitumia kuyahukumu matangazo yote. Mimi siikubali nzima. Kitu chema kikikaa gizani hakijiuzi. Muulizeni mkulima ambaye mahindi yake yalioza kwa kukosa wa kuyajua. Picha si dhambi, wala mzaha si dhambi. Neno la kuuliza ni hili: huyo anayenichekesha, ananicheka nani?

Maana kuna picha zilizotengeneza sura ya chapa kwa kuwaharibia watu sura yao. Katika karne ya 19, sabuni ya Pears ya Uingereza ilitangazwa kwa picha ya mtoto mweusi aliyeogeshwa akatoka mweupe, kana kwamba ngozi aliyopewa na Mungu ni taka. Ufaransa nako, tangu mwaka 1915, unga wa kakao na ndizi uitwao Banania uliuzwa kwa picha ya askari Mwafrika mwenye kofia nyekundu na kicheko kikubwa, akisema Kifaransa cha kitoto. Ilikuwa wakati wa vita, na askari wale walikuwa wakifa kwa ajili ya Ufaransa. Mezani kwa watoto wa Paris walikuwa kichekesho cha kunywea maziwa. Léopold Sédar Senghor, mshairi aliyekuja kuwa rais wa Senegal, alikilalamikia kicheko hicho cha ukutani katika mashairi yake. Picha ilikuwa nzuri kwa macho, yenye rangi za furaha. Hiyo ndiyo hatari yake: mtu akinung'unika huambiwa, "Ni mzaha tu." Na leo madukani mwetu, katika makopo ya dawa za kung'arisha ngozi, picha ya Pears bado yaishi, ijapokuwa msichana wa sasa amevishwa nguo nzuri na hapana anayemcheka kwa sauti.

Baada ya lile zoezi la alama niliwapa wanafunzi zoezi la pili. Kila mmoja atafute mtu wa nyumbani kwake auzaye kitu, amtengenezee tangazo lenye picha na mzaha, lakini lisiwe na uongo hata mmoja. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Wengi walileta sifa tupu: "Makala bora kuliko yote duniani." Nilizirudisha. Msichana mmoja alichora samaki mkavu aliyevaa miwani ya jua; nilicheka, nikampa alama nzuri. Mvulana mmoja, ambaye mama yake huuza unga wa mahindi sokoni, alichora tembo ameketi mbele ya sahani ya bukari, amelegeza mshipi, akasema: "Hodi, kuna nyingine?" Chini yake aliandika bei na kipimo.

Nilikwenda sokoni kuliona. Mama yake alikuwa amelibandika tangazo kwenye mti nyuma ya meza, na watu walikuwa wakisimama.

"Bwana Mwalimu," akaniambia, "wanacheka sana. Wengine wananiita Mama Tembo sasa."

"Na unga, mama, wanunua?"

"Wanunua. Lakini wakongwe bado waingiza mkono guniani kwanza."

Meza ya pili palikuwa na mwuza unga mwingine, unga ule ule, wa kinu kile kile, kwa bei ile ile. Alikuwa akiutazama ule mti bila kusema neno. Jumatatu iliyofuata mvulana yule alinijia kabla ya kengele akaomba ruhusa ya kuondoka mapema. Nikamwuliza kuna nini. Akasema yule mama wa meza ya pili ataka achorewe chui.